Mtungi Nyuma, Makreti Mbele

Mtungi uwekwe nyuma ya nyumba, na makreti mbele. Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa katika kikao kimoja cha arusi hapa Bunia. Baba wa bwana arusi alikuwa na deni tayari. Shangazi walikuwa wamekwisha kuloweka ulezi wa kuwatosha wageni wote. Hata hivyo mzee mmoja alisema kwamba watu wa heshima hawawezi kupewa mandale mbele ya macho ya watu, na papo hapo fedha za makreti ya Primus zikakopwa. Mimi ni katekista. Niliitwa kufungua kikao kwa sala, nikasali, nikanyamaza. Kunyamaza kule kumenisumbua hata leo.

Basi, ndugu wasomaji, aibu hii yatoka wapi? Je, yatoka ulimini? Hebu tuonje kwanza.

Mama mwenye kutengeneza pombe huloweka ulezi, huufunika kwa majani ya mgomba mpaka uchipue, huuanika juani, kisha huusaga. Hicho ndicho kimea. Hupika uji wa mahindi au wa mihogo, huuacha upoe, hutia kimea, na baada ya siku mbili tatu uji huchemka wenyewe pasipo moto. Kinachopatikana ni kizito, cha rangi ya udongo, chenye uchachu. Ni kinywaji na ni chakula. Mwanzoni ni kitamu, kisha chapata ukali, na baada ya siku chache hakifai tena. Kwa hiyo pombe ya mtungi yadai watu: mtu mmoja hawezi kuimaliza, wala kuiweka akiba. Kasiksi ya ndizi ni nyepesi zaidi, na harufu ya tunda haiiachi. Kule Mahagi Waalur wana kwete yao ya mahindi, na katika lugha yao pombe yaitwa kongo. (Jina la nchi yetu halikutoka huko, lakini mzaha hauishi.) Siku hizi mtungi mara nyingi ni ndoo au bidoni ya plastiki. Sisi na tuuite mtungi.

Sasa twende baa. Mhudumu auliza, “Baridi au moto?” maana yake iliyotoka katika friji au iliyokaa nje. Primus ni ya manjano, yaangaza, ina gesi na uchungu kidogo mwishoni. Ikiwa baridi yakata kiu upesi, ikiwa moto uchungu wazidi na raha yapungua. Turbo King ni nyeusi, ina utamu kama wa sukari iliyoungua. Tembo, ya kutoka Lubumbashi, ina picha ya ndovu, ingawa watu wa pwani wakisikia tembo huenda wakafikiri pombe ya mnazi. Kwa ulimi wangu, hizi mbili nyeusi ziko karibu na mtungi kuliko Primus, kwa kuwa kimea chajulikana ndani yake. Ndiyo, kimea! Shayiri ya Wazungu nayo hulowekwa, huchipua, hukaushwa na kusagwa. Kazi ni ile ile ya shangazi; tofauti ni mashine, kichujio na maua machungu yaitwayo hopi.

Nao Wazungu hawakuanza na kiwanda. Huko Sankt Gallen, Uswisi, umehifadhiwa mchoro wa monasteri wa karibu mwaka 820. Ndani yake zimechorwa nyumba tatu za kutengenezea bia: moja ya wamonaki, moja ya wageni wakubwa, na moja ya mahujaji na maskini. (Kumbe habari ya mbele na nyuma ya nyumba ni ya zamani sana, hata kati ya watu wa Mungu!) Mtakatifu Hildegarda wa Bingen, aliyefariki mwaka 1179 na ambaye Papa Benedikto XVI alimtangaza Mwalimu wa Kanisa mwaka 2012, aliandika juu ya hopi, kwamba uchungu wake wazuia kinywaji kuharibika. Katika kitabu cha zamani cha baraka cha Kanisa la Roma mna sala ya kubariki bia. Arusi ya Kana sitaitaja, maana kila mlevi wa parokia anaijua kwa moyo.

Bia ile ya manjano yenye kuangaza tunayoiona kuwa ndiyo bia yenyewe ni mtoto mdogo. Ilianza katika mji wa Plzeň, nchi ya Bohemia, mwaka 1842. Watrapisti wa Westmalle, Ubelgiji, walikuwa wakijitengenezea bia yao tangu 1836. Watawa wa monasteri ile ile ndio waliofika Bamania, karibu na Mbandaka ya leo, mwaka 1895. Basi mmisionari aliyemkuta bibi yetu akichochea mtungi alikuwa na ndugu zake kwao wakifanya vivyo hivyo.

Sasa twafika penye mzizi. Mwaka 1890 mataifa yalikutana Brussels, yakapatana kuzuia biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, Kongo ikiwemo. Jambo lenyewe lilikuwa jema, kwa maana pombe kali ya Ulaya ilikuwa ikiharibu watu. Nasi tunaoona lutuku inavyowafanya vijana wetu hatuna la kubisha. Lakini chini ya Wabelgiji sheria ilipima watu kwa rangi. Kwa miaka mingi Mzungu alikunywa divai na wiski yake, na Mwafrika alikatazwa. Bia aliruhusiwa. Kiwanda cha Léopoldville kilianzishwa mwaka 1923, na Primus ikatoka mwishoni mwa mwaka 1926. Hapa Ituri dhahabu ya Kilo ilikuwa imekwisha kuchimbwa tangu 1905, na mshahara wa faranga ulikuwa umeingia katika mifuko ya watu. Fikirini sasa: katika vinywaji vyote vya meza ya Mzungu, kimoja tu mtu mweusi aliweza kukinunua mchana kweupe. Aliyeshika chupa hakuwa akinunua ladha tu. Alikuwa akionyesha kwamba naye amefika.

Jambo hili Patrice Lumumba alilifahamu. Alipotoka gerezani mwaka 1957 alipata kazi Léopoldville katika kiwanda cha Bracongo, kuitangaza bia ya Polar iliyoshindana na Primus. Alizunguka katika baa, akanunulia watu, akasema nao. Mwezi wa Oktoba 1958 chama chake cha MNC kikazaliwa. Watu waliolinganisha Polar na Primus walianza kulinganisha na viongozi.

Wakati wa vita ya Ituri, 1999 hadi 2003, chupa ilihitaji lori na barabara. Mtungi ulihitaji mama, ulezi na kuni. Kuna watu wazima mjini humu waliosomeshwa kwa fedha ya mandale, nao leo hawataki ionekane arusini kwao.

Baada ya arusi ile nilikwenda kwa mama mmoja mzee, mtengenezaji wa siku nyingi, nikamletea chupa ya Primus ya baridi. Nilitaka kusikia hukumu ya fundi. Alikunywa kidogo, akaishika mdomoni, akameza.

“Ni safi,” alisema. “Lakini wamechuja mpaka chakula kimetoka.”

Akanipa kikombe cha mandale yake ya siku ya pili. Tukanywa, yeye chupa yangu, mimi mtungi wake. Chupa ilipokwisha akaiomba aweke mafuta ya mawese. Nikamwambia, “Mama, samahani, haiwezekani, chupa ni ya kurudishwa baa.”

Akacheka sana. “Kumbe, mwanangu, umelipa fedha yote ile, na chombo si chako!”

Nikairudisha jioni ile ile.