Leso ya Mama Mdogo

Mama mdogo wangu ni mama lishe pale Runzewe, wilayani Bukombe. Mwaka juzi tundu lake la kushoto la pua lilianza kutoa maji maangavu kama ya kisima. Akiinama kuchochea moto yanadondoka. Akilala anasikia chumvi kooni. Wateja wakahamia kwa jirani. Zahanati ikasema ni mzio wa vumbi, ikampa vidonge. Vikiisha, anapewa vingine. Ikapita miezi 14.

Mimi nasomea shahada ya uzamili ya historia, si udaktari. Nilichoweza kumfanyia ni kusoma, na nikakuta kosa lile ni la siku nyingi.

Galen, tabibu Mgiriki wa karne ya 2, alifundisha kwamba makamasi ni uchafu wa ubongo unaoshukia puani. Watu waliamini hivyo kwa zaidi ya miaka 1,400, mpaka Mjerumani Conrad Schneider alipoonyesha, katika miaka ya 1660, kuwa makamasi hutengenezwa na utando wa pua yenyewe. Kosa likasahihishwa, ila likaacha mtego: tangu hapo, ikawa rahisi kuyahesabu maji ya puani kuwa ya pua tu. Mwaka 1899 St Clair Thomson, daktari wa London, alitoa kitabu kizima kuhusu wagonjwa ambao maji ya ubongo wao huvujia puani bila ajali wala pigo.

Siku hizi inajulikana kwamba mara nyingi chanzo ni shinikizo kubwa ndani ya kichwa, ambalo kwa miaka humomonyoa mfupa mwembamba ulio juu ya pua hadi unatoboka. Madaktari wa zamani walikuwa na kipimo rahisi: makamasi yakikauka huikakamaza leso, maji ya ubongo huiacha laini.

Nikampigia simu.

“Shikamoo mama mdogo. Ile leso yako ikikauka inakuwaje?”

“Marahaba mwanangu. Inakuwa kama imefuliwa.”

Sikulala. Tundu linalotoa maji huingiza vijidudu, na vijidudu huleta homa ya uti wa mgongo.

Mwaka 1926, huko Baltimore, Walter Dandy aliziba tundu la namna hiyo kwa kufungua fuvu na kuweka kiraka cha utando wa paja. Njia hiyo iliokoa watu, ingawa wengi walipoteza uwezo wa kunusa. Mwaka 1981 Mjerumani Malte Wigand alieleza namna ya kuziba kwa kupitia tundu za pua, akiongozwa na endoskopi. Mwaka 2006 Hadad na Bassagasteguy, madaktari wa Argentina, wakaonyesha kiraka kinachokatwa kwenye ukuta wa kati wa pua, kikiwa bado na mshipa wake wa damu. Leo takriban wagonjwa 9 kati ya 10 huzibwa mara ya kwanza tu.

Mwanza, daktari alimpa mama mdogo kikombe, akamwambia ainame. Matone yakaingia, yakapelekwa maabara. Wiki ile ile akaandikiwa rufaa ya Dar es Salaam.

Sasa anainama jikoni bila wasiwasi, na wateja wamerudi. Mimi bado naihesabu ile miezi 14. Ilipotea kwa swali moja ambalo hakuna aliyeliuliza, na kulijibu kulihitaji leso na jua tu.