"Jina Litakuja": Utapeli wa Simu, Kutoka Waya wa Shangani Hadi Pwani ya Bwejuu

Bamvua likifika na maji yakapwa hadi karibu na mwamba, pwani ya Bwejuu, mashariki ya Unguja, hujaa wanawake. Kila mmoja yuko kwenye shamba lake la mwani, ameinama, anafunga vipande kwenye kamba na kukaza vijiti vilivyolegea. Simu ameiacha nyumbani, au ameitia ndani ya mfuko wa plastiki akaifunga kiunoni kwa kanga. Akipanda juu mchana, vidole vimekunjamana kwa maji ya chumvi, ndipo anapoitazama. Anakuta ujumbe: "Ile hela nitumie kwenye namba hii, jina litakuja..." na linafuata jina la mtu asiyemjua.

Siku ambayo hakuna anayesubiri hela kutoka kwake, ataufuta na kuendelea na kazi zake. Lakini ikiwa asubuhi hiyo kweli ameahidi kutuma, iwe mchango wa harusi, nauli ya mtoto aliyeko mjini au salio la deni la dukani, mkono unaweza kutangulia akili. Aliyeuandika ujumbe ule hakujua lolote juu yake. Amewatumia watu wengi kwa mkupuo mmoja, akiamini kwamba miongoni mwao hawakosekani wenye ahadi ya kulipa.

Ujumbe huo tumeuzoea kama tulivyozoea upepo wa kusi. Hata hivyo una historia yake, na historia hiyo inafaa kujulikana, kwa sababu inaonyesha jambo moja lililo wazi: tapeli hatushindi kwa ujuzi wa mitambo. Anachotunyang'anya kwanza ni muda wa kuulizana. Hela hufuata baadaye.

Waya wa Shangani

Neno "simu" lenyewe linastahili kutazamwa. Asili yake ni Kiajemi, *sim*, yaani waya. Katika lugha hiyohiyo *sim* ni madini ya fedha pia. Wazee wetu walipoanza kulitumia, hawakuwa na maana ya kifaa cha kuweka sikioni. Walisema juu ya waya wa telegrafu, na "kupiga simu" kulikuwa kupeleka maneno kwa waya huo.

Waya wenyewe ulifika Unguja mwaka 1879, enzi ya Sultani Barghash, pale Waingereza walipolaza kebo chini ya bahari kutoka Aden, ikapita Zanzibar na kuendelea kusini hadi Durban. Jengo la simu za nje lililokuwa Shangani, Mji Mkongwe, bado limesimama. Leo ni sehemu ya hoteli ya Serena. Habari iliyokuwa ikingoja meli kwa wiki nyingi ilianza kufika siku hiyohiyo. Lakini waya ule ulikuwa wa serikali na wafanyabiashara wakubwa, kwa maana malipo yalihesabiwa neno kwa neno. Mvuvi wa Bwejuu hakuwa na la kufanya nao, wala tapeli wa mbali hakuwa na njia ya kumfikia mvuvi huyo.

Si kwamba utapeli ulikuwa haupo. Kiswahili kilikuwa na ayari na laghai, kikawa na hadaa na ghilba, kabla hakijawa na betri wala laini. Huko Ulaya na Marekani, katika karne ya 19, zilizunguka barua za "mfungwa wa Hispania": tajiri yuko kifungoni, saidia gharama za kumtoa, nawe utagawiwa hazina yake. Karibu miaka 100 baadaye hadithi hiyo ilirudi kwa barua na faksi kutoka Nigeria, ikaitwa "419" kwa jina la kifungu cha sheria ya jinai ya nchi hiyo kinachohusu udanganyifu. Barua hizo zilihitaji anwani, kwa hiyo ziliwasaka wenye ofisi, wenye kampuni na wenye sanduku la posta.

Bwejuu ilikuwa na njia zake. Hela ya matumizi kutoka mjini ilikuja na gari ya shamba, ndani ya bahasha, mkononi mwa dereva au utingo, au kwa jirani aliyekuwa na safari. Mtoaji anamjua mchukuzi, mchukuzi anamjua mpokeaji, na mpokeaji akiona bahasha imepungua anajua mlango wa kubisha. Wafanyabiashara wa Mji Mkongwe nao walikuwa na hawala: fedha zikavuka bahari hadi Bara Hindi na Arabuni kwa neno la mtu na jina lake. Njia hizo zilikwenda polepole na zilikuwa na hasara zake, lakini kila hatua ilikuwa na uso wa mtu unayeweza kumwuliza.

Hela inaingia kwenye simu

Simu za mkononi zilianza Tanzania mwaka 1994 kwa kampuni ya Mobitel. Hapa Zanzibar, Zantel ilianza mwaka 1999, na mwaka uliofuata Vodacom ikaingia nchini. Bei ziliposhuka na minara ikasogea hadi pwani ya mashariki, watu waliokuwa hawana sanduku la posta wakapata anwani ya kwanza maishani mwao: namba ya simu. Kwa mara ya kwanza, mtu asiyewahi kuikanyaga Bwejuu aliweza kuingia ndani ya nyumba ya Bwejuu bila kupiga hodi.

Utapeli wa mwanzo ulikuwa wa vocha. "Hongera, umeshinda." Ili zawadi itoke, mshindi anunue vocha, aikwangue, asome tarakimu zake kwa sauti. Hasara ilikuwa ya kiasi, kwa sababu simu ilikuwa bado haijabeba zaidi ya muda wa maongezi.

Mambo yaligeuka pale fedha yenyewe ilipoingia kwenye simu. Machi 2007 Safaricom ilianzisha M-Pesa nchini Kenya. Mwaka 2008 Vodacom ikaileta Tanzania, na mwaka huohuo Zantel ikaanza Z-Pesa, ambayo mwaka 2012 ilizaliwa upya kwa jina la Ezypesa. Zile maana mbili za Kiajemi, waya na fedha, zikakutana kwenye kiganja cha mkono. Mwanamke aliyelazimika kupanda gari hadi Darajani mjini kwa ajili ya hela ya mwanawe sasa anaipokea kwa wakala wa kijijini. Faida hiyo ni kubwa, na haifai kuisahau tunapozungumza juu ya wezi.

Ila njia iliyofunguliwa kwa mwenyewe ikawa wazi kwa mgeni pia. Ukaja ujumbe wa bandia unaofanana na wa kampuni: umepokea kiasi fulani. Dakika chache baadaye simu inalia, sauti ina haraka na inakaribia kulia: nimekosea namba, nirudishie, mama yangu yuko hospitali. Mwenye imani anarudisha hela ambayo haikuingia. Kenya wamepita humohumo, hata jina la gereza la Kamiti likawa maarufu kwa wafungwa waliokamatwa na simu wakifanya kazi hiyo kutoka ndani.

Kinga iliyogeuzwa mlango

Mwaka 2014 makampuni ya simu ya Tanzania yalianza kuunganisha huduma zao, hela ikawa inatoka mtandao mmoja na kuingia mwingine. Kwa mtumaji, kinga kubwa ni jina: kabla hujathibitisha kwa namba ya siri, unaonyeshwa jina la unayemtumia. Kama si la uliyemkusudia, unaghairi.

Hapo ndipo maneno "jina litakuja" yanapopata nguvu. Tapeli anaitangulia kinga. Anakwambia mapema kwamba utaona jina jingine, ili utakapoliona usishituke. Alama ya hatari anaigeuza kuwa alama ya uhakika: umeona jina alilolisema, basi mambo yako sawa. Katika maneno yasiyotimu 10, amekwisha kujibu swali ambalo ungemwuliza.

Hila zilizofuata zimejengwa kwa ufundi huohuo. Yupo "mwenye nyumba" anayetaka kodi yake kwa namba mpya. Yupo "mganga" na yupo wakala wa "Freemason", wanaouza utajiri kwa ada ya kujiunga. Yupo "mwalimu" anayepiga saa za skuli na kusema mtoto ameanguka, anahitaji matibabu sasa hivi. Yupo mwenye "mzigo wa jamaa yako wa Muscat" uliokwama forodhani, na huyu anatuumiza hasa sisi ambao kila ukoo una mtu Oman. Yupo anayejitambulisha kuwa mtoa huduma wa kampuni, akiomba namba ya siri, au zile tarakimu 6 za WhatsApp zilizoingia "kimakosa" kwenye simu yako. Ukimpa, anaichukua akaunti yako na kuanza kuwaomba hela ndugu zako kwa jina lako.

Visa vinabadilika, umbo halibadiliki. Kwanza anatajwa jamaa au mamlaka unayoiheshimu. Pili inaletwa dharura. Tatu unatengwa na watu: usikate simu, usimwambie mtu, fanya sasa. Ukiondoa la tatu, mawili ya mwanzo hayana nguvu.

Sheria inavuka bahari

Serikali haikukaa kimya. Usajili wa laini ulianza mwaka 2009, ukapewa nguvu na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ikafanya udanganyifu wa kutumia kompyuta na kujifanya mtu mwingine kuwa makosa ya jinai, na inatumika Bara na Zanzibar pia. Hii ni kwa kuwa posta na simu ni mambo ya Muungano. Juni 2016 simu bandia zilizimwa. Kuanzia Mei 2019 laini zote zikatakiwa kusajiliwa upya kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, NIDA. Desemba mwaka huo Rais John Magufuli alisajili yake Chato na kusogeza mwisho wa zoezi hadi Januari 20, 2020. Baada ya hapo laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kufungwa.

Mbona ujumbe bado unakuja? Sababu moja ni kwamba kidole nacho kinaweza kuibwa. Msajili asiye mwaminifu anamwambia mzee, "Hakijasoma, weka tena," na mara ile ya pili inasajili laini nyingine kwa jina la mzee, laini itakayouzwa kwa tapeli. Polisi wakifuata jina, wanafika kwa mtu asiyejua lolote. Ndiyo maana kila mwenye simu anapaswa kupiga *106# na kutazama ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Namba ya tapeli iripotiwe kwa 15040, njia iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Na huduma kwa wateja wa mitandao yetu ni namba 100. Anayekupigia kwa namba ya kawaida na kutaka namba yako ya siri si mtu wa kampuni, hata akikutajia jina lako kamili.

Hatua hizi zina maana, na nazitetea. Lakini sheria hufika baada ya hela kuondoka. Kabla ya hapo aliyepo ni wewe, na walio karibu nawe.

Mficha uchi hazai

Tuhesabu hasara kwa kipimo cha Bwejuu. Mwani unalimwa kibiashara pwani hii ya mashariki tangu mwaka 1989, na kwa miaka mingi kilo moja iliyokauka iliuzwa kwa mamia ya shilingi tu. Kilo hiyo moja ilikuwa kilo kadhaa za mbichi, zilizobebwa kichwani kutoka majini na kuanikwa juani. Anayepoteza laki moja kwa muamala wa nusu dakika amepoteza bamvua baada ya bamvua za kuinama ndani ya maji ya chumvi.

Na bado yako maumivu mengine: aibu. Aliyetapeliwa huogopa kuitwa mjinga, hivyo anayameza yaliyompata. Mumewe hajui, jirani hajui, wakala hajui. Wiki inayofuata sauti ileile inampata jirani, naye anayameza. Tapeli anaishi juu ya ukimya huo. Mficha uchi hazai, na kijiji kinachoficha kilichowapata watu wake hakizai ujuzi wa kujikinga. Aliyedanganywa si mjinga. Alikuwa na ahadi akataka kuitimiza. Alisikia mtoto ameumia akataka kumwokoa. Tapeli aligusa kilicho chema ndani yake. La kuona haya lipo upande wa mwizi.

Kwa hiyo sisemi tuache kuaminiana, kwani tukifika hapo tumempa zaidi ya hela. Nasema turudishe uso ndani ya muamala. Ujumbe wa namba mpya ukija, piga namba ya zamani ya huyo huyo anayetajwa. Ukiambiwa mtoto ameanguka, kata simu umpigie mwalimu unayemjua, au mtume kijana kwa baiskeli hadi skuli. Wakala naye, kabla hajapokea hela ya mzee aliyefika akihema, amwulize kwa adabu: "Shikamoo bibi. Huyu unayemtumia unamjua? Umeshaisikia sauti yake leo?" Swali hilo halichukui hata dakika moja, na ni swali ambalo utingo wa gari ya shamba alikuwa akilijibu kabla bahasha haijatoka mkononi mwako.

Wanawake wa mwani hawateremki majini mmoja mmoja. Huitana asubuhi mlango kwa mlango, hushuka pamoja, na wakirudi hukaa kivulini kupumua kabla ya kuanika. Hapo ndipo pa kuzitoa simu na kusomeana yaliyoingia. Mmoja akisema, "Jamani, mimi kuna mtu ananidai kwa namba hii," atakuwepo mwenzake wa kumjibu, "Hata mimi nimeupata huohuo." Na hapo hela haitoki.