Bisie: soko iliyobebwa ku mgongo
Wandugu munaosoma maketingi, vitabu vyenu vinaanza na mteja. Huku Walikale soko ilianza na mbebaji. Kasiterite ilipoonekana Bisie karibu mwaka 2002, watu walipita pori na miguu, kilo 50 ku mgongo, mpaka barabarani. Kilambo, ndege zilitua juu ya barabara ya lami, zikapeleka mawe Goma na kurudisha bia, sabuni, hata chakula (sisi wa agronomia hiyo inatuuma, udongo uko pale pale). Kila kitu kilichopanda mlima wa Bisie kilipanda na bei pia. Septemba 2010 Rais Kabila akafunga machimbo, mpaka Machi 2011. Wenye maduka waliouzisha kwa deni, wangedai nani?