Kutoka Sinema ya Bati hadi Majestic

Hassanali Adamji Jariwalla alianza kuonyesha picha Unguja katika banda la mabati, na watu wakaliita Sinema ya Bati. Mwaka 1921 akafungua Royal, hapa mtaa wa Vuga, jengo lililosanifiwa na J. H. Sinclair. Ulikuwa uthubutu mkubwa. Baadaye Jumapili ikawa siku ya picha za Kihindi: baba, mama na watoto, wamevaa nguo za sikukuu, wamepanga foleni ya tiketi. Wanawake walikuwa pia na maonyesho yao peke yao.

Royal iliungua 1954. Mwaka uliofuata Majestic ikasimama papo hapo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 sinema zilitaifishwa. Paa la ukumbi wa Majestic lilikuja kuporomoka.

Mgeni kutoka Iringa au Mbeya, wazee wa kwenu waliokwenda sinema nao wana mengi ya kusimulia. Waulize mapema.