Mimba na tezi ndogo za shingo: ugonjwa wa paratiroide unagunduliwaje?

Nyuma ya tezi kubwa ya shingo, ile inayovimba na kuleta rovu, kuna tezi zingine ndogo, kwa kawaida 4, kila moja sawa na punje ya muchele. Zinaitwa paratiroide. Homoni yao ndiyo inaongoza kiasi cha kalsiamu katika damu.

Homoni ikizidi, kalsiamu inapanda. Mama anachoka, anatapika, anakosa choo kubwa, anasikia kiu na kukojoa mara nyingi. Wengi wanasema: «Ni mimba tu.» Hapo ndipo ugonjwa unajificha. Mawe katika figo ni alama ingine ya kuangalia.

Homoni ikipunguka, kalsiamu inashuka: ganzi kwenye midomo na vidole, misuli kukaza, hata kifafa. Kifafa hicho kinaweza kuchanganywa na kile cha presha ya mimba. Presha ikitibiwa haraka, kalsiamu nayo ipimwe.

Sababu kubwa ya homoni kupunguka ni operesheni ya shingo. Kwetu jambo hili lina uzito: tangu miaka ya 1960 watafiti waliandika juu ya rovu nyingi katika kisiwa cha Idjwi. Mama aliyepasuliwa rovu aseme hivyo siku ya kwanza ya CPN, hata kama ni zamani.

Vipimo ni viwili, vinasomwa pamoja: kalsiamu na homoni ya paratiroide. Lakini kuna mutego. Wakati wa mimba, protini ya damu inayoitwa albumini inapunguka, na kalsiamu ya jumla inaonekana chini. Kwa hiyo inafaa kupima kalsiamu iliyo huru, ama kurekebisha hesabu kwa kufwata albumini. Kalsiamu ikiwa juu na homoni haikushuka, tezi inashukiwa. Zote mbili zikiwa chini, tezi imechoka ama ilitolewa.

Ekografi ya shingo haina hatari kwa mtoto. Picha zinazotumia dawa ya mionzi zinaepukwa. Operesheni ikihitajika, mara nyingi inafanywa kati ya mwezi wa 4 na wa 6.

Mtoto naye achungwe: akizaliwa na mama mwenye kalsiamu ya juu, yake inaweza kushuka ghafula na kumletea kifafa. Kituo cha afya kikikosa vipimo hivi, mama aombe barua ya kwenda hospitali kubwa mapema, asingoje uchungu wa kuzaa.