Jina la Kosa: Kutoka Huzhou hadi Busia

Haya jamani, kwenye kipindi cha wiki hii tuliongelea maneno ambayo wazazi wetu huyazungukazunguka. Muda ukatuishia nikiwa bado na la kusema juu ya adhabu ndogo wanazopewa wabakaji, kwa hiyo naliandika hapa. Ni habari nzito na watoto wamo ndani yake. Kama leo huna nguvu, iache, utaisoma siku nyingine.

Mimi kazi yangu ni kutafsiri mikataba, na Guangzhou ndiko nilikokulia, pale Xiaobei. Kazi hii imenifundisha kitu kimoja: ukibadilisha jina la mzigo kwenye karatasi, umebadilisha na ushuru wake. Mahakamani nako ni hivyohivyo. Kabla hakimu hajapunguza miaka, mtu fulani ameshapunguza jina la kosa.

Chukua mwaka 2009. Huko Huzhou, mkoa wa Zhejiang, askari wasaidizi wawili walimbaka msichana aliyekuwa amelewa hajitambui. Sheria ya China inaweka ubakaji wa kawaida kati ya miaka 3 na 10, lakini wakiwa watu wawili au zaidi, adhabu inaanzia miaka 10. Mahakama ya wilaya ikawapa miaka 3 kila mmoja. Kwa nini? Ilisema hawakupanga, lilikuwa kosa la papo kwa papo; walijisalimisha wenyewe; na mwathirika alikuwa amewasamehe. Watu wakalidaka lile neno *linshixing*, yaani la muda tu, la kupita, na hasira ikawaka nchi nzima. Hivi kuna ubakaji wa kudumu? Kesi ikarudiwa, na safari hii kila mmoja akapata zaidi ya miaka 10. Ushahidi ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni jina ambalo umma ulikataa kulimeza.

Mwaka huohuo ikaja kesi ya Xishui, mkoa wa Guizhou. Wasichana wa shule walilazimishwa kuwatumikia wanaume, na baadhi ya wanaume hao walikuwa watumishi wa umma. Wengi wao hawakushtakiwa kwa ubakaji. Tangu 1997 China ilikuwa na kosa la pembeni, *piaosu younü*, ambalo kwa Kiswahili cha wazi ni "kununua kahaba mtoto". Mtoto wa chini ya miaka 14! Waliolitetea walisema adhabu yake inaanzia miaka 5, tena ni kali kuliko ile 3 ya ubakaji wa kawaida. Waliolipinga walijibu kwamba juu yake kuna dari: miaka 15 basi, wakati kumbaka mtoto kunaweza kufika kifungo cha maisha au hata kifo. Ila hoja iliyouma zaidi haikuwa ya hesabu. Sheria ilikuwa inamwita mtoto kahaba, na mwanamume inamwita mteja. Mabishano yakaenda miaka, mpaka Agosti 2015 Bunge la China likakifuta kifungu hicho. Kuanzia Novemba 1 mwaka huo, kosa hilo linaitwa ubakaji.

Sasa turudi nyumbani. Juni 2013, kaunti ya Busia, Kenya, msichana wa miaka 16 alikuwa akitoka kwenye matanga ya babu yake. Wanaume sita walimbaka, wakamtupa ndani ya shimo la choo. Uti wa mgongo ukaumia. Dunia ilimjua kwa jina la Liz, ambalo si lake. Watatu walikamatwa. Polisi wakawapa mafyekeo wakate nyasi za kituo, halafu wakawaachia waende.

Waliosoma Kenya wanaijua hiyo adhabu. Kufyeka nyasi ni adhabu ya mwanafunzi aliyechelewa shule. Polisi hawakuhitaji kuandika neno lolote. Adhabu yenyewe ilikuwa imeshalitaja kosa, na jina lake lilikuwa utundu.

Mwandishi Njeri Rugene wa gazeti la Nation ndiye aliyeitoa habari hiyo. Zaidi ya watu milioni moja wakatia sahihi, na Oktoba 31, 2013 waandamanaji wakaipeleka hadi makao makuu ya polisi Nairobi. Aprili 2015, wanaume watatu wakahukumiwa miaka 15. Na 15 ndicho kima cha chini cha ubakaji wa kundi katika Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, iliyopiganiwa bungeni na Njoki Ndung'u, ambaye leo ni jaji wa Mahakama ya Juu. Bila ile sakafu ya 2006, sijui wangeishia wapi.

Hapa ndipo linapotugusa sisi. Msamaha wa Huzhou tunaujua kwa jina letu: "tuyamalize kifamilia". Wazee wanakaa, pesa au mbuzi anatoka, na binti anaambiwa amesamehe. Halafu sikiliza na maneno yenyewe. Tunasema binti "ameharibiwa", kana kwamba ni simu. Kenya mtoto "hunajisiwa", neno linalotokana na najisi, yaani uchafu. Aliyetenda ni mwanamume, lakini uchafu unabaki kwa nani? Wakati *kubaka* lipo, fupi na la wazi, na linamtaja mtendaji.

Simaanishi kwamba miaka mingi ndiyo haki. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Machakos ilisema kima cha chini kinamfunga jaji mikono, kwa sababu kesi hazifanani. Hoja hiyo ina uzito. Mfikirie kijana wa miaka 18 na mpenzi wake wa 17. Lakini Julai 12, 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya iliirudisha hukumu ya miaka 20 iliyokuwa imepunguzwa, ikasema kazi ya kubadilisha kima hicho ni ya Bunge. Mimi bado nashikilia sakafu. Mpaka leo, huruma ya jaji imemfikia mwanamume kabla ya kumfikia msichana.

Na Guangzhou? Mji huu ulikuwa wa magazeti makali. Mwaka 2003 *Nanfang Dushibao* liliandika kifo cha Sun Zhigang, kijana aliyekamatwa hapa kwa kukosa kibali, na ndani ya miezi michache mfumo mzima wa kuwazuilia wahamiaji ukafutwa. Mwandishi Huang Xueqin alifanyia kazi humuhumu. Mwaka 2018 alitoa utafiti juu ya waandishi wa kike wanaonyanyaswa kingono kazini. Juni 14, 2024, chini ya mwezi mmoja kabla ya hukumu ile ya Nairobi, mahakama ya Guangzhou ilimfunga miaka 5. Kosa lake liliitwa kuchochea upinduzi wa dola.

Walewale wawili wa Huzhou walianza na 3.

Kwa hiyo mkisikia hukumu, msiulize idadi ya miaka kwanza. Ulizeni kosa limeitwaje, na ni nani aliyelipa jina.