Jinsi ya kuosha na kukinga gari la paa wazi dhidi ya chumvi, matope na jua

MWENYE gari dogo la kawaida akinyeshewa hufunga vioo akatulia. Mwenye gari la porini lisilo na paa, au lenye paa la turubai la kukunjwa, hana bahati hiyo. Mvua, vumbi na hewa ya chumvi humfuata hadi chini ya viti, na vyote hivyo hupata pahali pa kujificha.

Magari ya aina hii yangalipo nchini: Land Rover kuukuu za mashambani na mbugani, Toyota Land Cruiser zilizoondolewa paa kwa ajili ya watalii, Suzuki ndogo za miaka ya 1980 na Jeep za watu binafsi. Kupata badala yake si rahisi. Land Rover Defender ya muundo wa kale iliacha kuundwa huko Solihull, Uingereza, Januari 29, 2016, na kanuni za Kenya kwa kawaida haziruhusu kuingizwa kwa gari kuukuu lililozidi umri wa miaka minane. Anayelo hana budi kulitunza.

Fauka ya hayo, suala lenyewe si urembo tu. Katika gari la wazi, maisha ya abiria hutegemea vyuma vichache: chasisi, mabomba madogo ya breki, mikanda ya usalama na zile fito zinazowakinga watu gari linapobingirika. Vyote hivyo huliwa kimyakimya na uchafu usiooshwa.

Bodi ya aluminiamu, mifupa ya chuma

Wengi huamini kwamba Land Rover haishiki kutu kwa kuwa bodi yake ni ya aluminiamu. Huo ni ukweli nusu. Gari hilo lilipozinduliwa mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na waundaji wakachagua aloi ya aluminiamu kwa sehemu kubwa ya bodi. Hata hivyo, chasisi inayobeba injini, ekseli na abiria ni ya chuma, nayo ndiyo huoza.

Isitoshe, metali hizo mbili zinapogusana penye maji ya chumvi huwa mfano wa betri ndogo. Aluminiamu huliwa taratibu ikageuka unga mweupe, na rangi iliyo juu yake hufura mithili ya ngozi iliyoungua. Dalili huanza kwenye bawaba za milango, kando ya boliti na pale bodi inapokalia vyuma vya chini. Anayeona malengelenge hayo akayapaka rangi juu amejidanganya mwenyewe.

Land Cruiser na Suzuki, ambazo bodi zake ni za chuma, hazina mgogoro huo. Zina kutu ya kawaida, na hiyo inatosha.

Uchafu hutofautiana

Kosa linalotendwa sana ni kuosha uchafu wote kwa namna moja. Udongo mweusi wa mfinyanzi unaopatikana Maasai Mara na nyanda za Athi hunata, hufura unapopata maji na kukauka kama saruji. Kuukwangua kwa fimbo au bisibisi hung'oa rangi. Dawa yake ni kuulowesha, kusubiri dakika kadhaa, kuulowesha tena, ndipo maji yakausukuma wenyewe.

Vumbi jekundu la Tsavo, lile linalowapa ndovu wa huko rangi yao maarufu, lina madini ya chuma. Likiingia katika nyuzi za turubai likakutana na maji kabla ya kukung'utwa, huacha doa ambalo halitoki kamwe. Kwa hivyo turubai lililotoka Tsavo hukung'utwa na kupigwa burashi likiwa kavu kabla ya tone lolote la maji kuligusa.

Vumbi jeupe la Amboseli na la kandokando ya Ziwa Magadi ni hatari kwa njia nyingine. Lina magadi, na magadi yakichanganyika na maji hushambulia aluminiamu. Gari lililopita huko halifai kungoja mwisho wa wiki. Kwa sababu hiyo hiyo, sabuni kali za kuondolea grisi zenye kostiki hazifai kabisa kwa bodi ya Land Rover, hata kama mwosha magari anazisifu kwamba hung'arisha upesi.

Pwani nako kuna chumvi, nayo hairuki na upepo wa bahari pekee. Mchanga mweupe wa ufuoni hushika chumvi, na ukijibana juu ya chasisi hubaki na unyevu muda mrefu. (Kuendesha gari ufuoni ni jambo la kuepukwa hata pasipo habari ya kutu, kwani kasa hutaga mayai mchangani humo.) Kisha lipo jambo ambalo wakazi wengi wa Mombasa hulisahau: maji ya visima vingi vya kisiwani yana chumvichumvi. Anayeosha gari kwa maji hayo akaliacha likauke juani ameongeza chumvi badala ya kuiondoa. Ikiwa hakuna maji mengine, ndoo moja ya maji ya mvua yaliyokingwa itumike kwa suuza ya mwisho, hasa chini ya gari na kwenye maungio.

Anza chini

Gari lioshwe likiwa limepoa, asubuhi au jioni, na pahali penye kivuli. Maji baridi yakirushwa kwenye disku za breki zilizopata moto huweza kuzipinda, na jua kali hukausha matone kabla hayajafutwa yakaacha alama za chokaa.

Kazi huanzia chini, si juu. Kwa gari la porini, matope ya chini hurukia kila pahali yanaposukumwa, na aliyetangulia kung'arisha boneti ataioshea mara ya pili. Madigadi yaoshwe kwa ndani, pamoja na sehemu za juu ya ekseli na upande wa ndani wa rimu. Tope lililokaukia ndani ya rimu huvuruga mizani ya gurudumu, usukani ukatetemeka barabarani, na dereva akatumia pesa kwa makanika kutafuta ugonjwa usiokuwapo.

Chasisi ya magari haya ni kama bomba la pembe nne, tupu ndani, lenye vitundu vya kutolea maji upande wa chini. Vitundu hivyo vikizibwa na tope, chasisi hugeuka tangi. Kutu huanzia ndani, mahali pasipoonekana, na mwenye gari hushtuka siku nyundo ya makanika inapotumbukia. Waya mgumu wa kuzibulia vitundu hivyo una thamani kuliko chupa kumi za nta. Katika Land Rover, boriti ya mwisho ya nyuma ndiyo huoza mapema zaidi, ikifuatwa na vyuma vinavyotokeza ubavuni na sakafu ya miguuni mwa dereva.

Mashine ya kurusha maji kwa nguvu hurahisisha kazi hii, lakini ina ubaya wake. Isielekezwe karibu kwenye beringi za magurudumu, maungio ya shafti, rejeta, nyaya za umeme wala turubai. Maji yenye nguvu hupenya sili zilizoundwa kuzuia matone tu, hufukuza grisi na kuacha unyevu mahali pake. Ndiyo maana baada ya kuosha, vitundu vya kutilia grisi katika shafti na chemchemi husukumwa grisi mpya hadi ile ya zamani itoke pamoja na maji.

Gari lililovuka mto linahitaji uangalifu zaidi. Ekseli iliyopata moto ikitumbukia ghafla katika maji baridi, hewa ya ndani hujikunja na kuvuta maji kupitia sili au kitundu cha kupumulia. Mafuta ya difu yakionekana kama chai ya maziwa, maji yameingia, na hayana dawa ila kumwagwa na kubadilishwa. Breki nazo hukaushwa kwa kuzikanyaga polepole gari likitembea mwendo wa taratibu. Za ngoma hukawia zaidi kukauka kuliko za disku.

Ndani, viti na umeme

Kwa kuwa gari liko wazi, wengi huingiza mpira wa maji ndani bila kujali. Baadhi ya magari haya yana vizibo sakafuni kwa kusudi hilo, na vikitolewa maji hutiririka. Lakini dashibodi, swichi na kasha la fyuzi havikuumbiwa gharika. Katika Defender betri hukaa chini ya kiti cha mbele, na baadhi ya modeli za zamani zina hata tangi la petroli chini ya kiti. Sehemu hizo hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu.

Mazulia na mikeka ya mpira huondolewa kabisa. Chini yake ndipo kutu ya sakafu hukaa, na sakafu ndiyo iliyofungiwa miguu ya fito za kinga pamoja na boliti za mikanda katika magari mengi. Fito nene zilizokomelewa kwenye bati lililooza hazimkingi yeyote. Boliti hizo zikaguliwe kwa mkono na spana, wala si kwa macho pekee.

Mikanda yenyewe hupauka na kudhoofika kwa jua upesi katika gari la wazi. Ioshwe kwa maji vuguvugu na sabuni ya kawaida isiyo na dawa ya kung'arisha, kisha ikauke ikiwa imevutwa nje yote. Mchanga unaoingia katika kasha la kuvutia mkanda huweza kuuzuia usijifunge wakati wa ajali. Mkanda uliokatika nyuzi pembeni hutupwa.

Turubai na madirisha ya plastiki

Turubai la pamba limepakwa dawa ya kuzuia maji, na sabuni ya unga huiondoa dawa hiyo. Hutosha burashi laini, maji vuguvugu na sabuni ya kipande kidogo, kisha suuza ya kutosha. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo huozesha nyuzi za mshono, ingawa turubai lenyewe litapendeza kwa wiki mbili tatu. Ukungu mweusi, ambao ni adui mkubwa wa Pwani, hufutwa kwa siki iliyotiwa maji.

Turubai likishakauka, lijaribiwe kwa matone machache ya maji. Yakisimama kama shanga, dawa ingalipo. Yakinywewa, ni wakati wa kupaka nyingine, na ipakwe juu ya turubai kavu. Kamwe lisikunjwe likiwa bichi, hata kwa usiku mmoja.

Madirisha ya plastiki angavu hukwaruzwa na vumbi linalofutwa kikavu. Yamwagiwe maji kwanza, kisha yafutwe kwa kitambaa laini cha pamba kwa mwelekeo mmoja. Petroli, mafuta ya taa na dawa za vioo zenye amonia huyafanya mazito na ya manjano, dereva asione pikipiki iliyo ubavuni mwake. Zipu zinazokwama hulainishwa kwa kipande cha mshumaa. Mafuta hukusanya vumbi, na vumbi likishirikiana na mafuta huwa msasa.

Oili chafu si kinga

Ni desturi ya miaka mingi katika karakana kunyunyizia chini ya gari oili chafu iliyotolewa kwenye injini. Ni kweli kwamba huzuia maji kwa muda. Lakini oili hiyo hufurisha na kulegeza bushi za mpira na mipira ya breki, hunasa vumbi na hudondoka kila gari linaposimama. Nta maalumu au mafuta mazito ya sufu ya kondoo hugharimu zaidi, ila hupenya maungio. Yapuliziwe hadi ndani ya chasisi, tena baada ya chasisi kukauka siku mbili tatu. Ukipaka juu ya unyevu, umeufungia ndani.

Ukaguzi wa chini unafaa kufanywa mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua ya masika mwezi Machi na baada ya ile ya vuli mwezi Desemba. Mabomba ya chuma ya breki ndiyo ya kutazamwa kwanza. Yafutwe kwa kitambaa na kupapaswa kwa kidole urefu wake wote, hasa pale yanapobanwa kwenye chasisi, kwani tope hukaa papo hapo. Penye vipele vya kutu, bomba libadilishwe lote, na yale ya aloi ya shaba na nikeli hayashiki kutu. Bomba lililoliwa hustahimili breki za kila siku na kupasuka siku dereva anapokanyaga kwa nguvu zote.

Kuhusu mahali pa kuoshea, kingo za mito na maziwa si karakana. Kanuni za ubora wa maji, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999, zinakataza kumwaga vichafuzi majini. Pahali pafaapo ni penye kokoto au sakafu ya saruji yenye shimo la kunasa grisi. Mpira wa bustani hutoa lita 10 au zaidi kwa dakika, ilhali mitungi michache ya lita 20 ikitumiwa kwa mpango hutosha gari zima, mradi matope yaloweshwe kwanza.

Gari likishakauka, liegeshwe kivulini lakini si chini ya mwembe. Utomvu, vinyesi vya ndege na vya popo huunguza rangi na turubai. Kifuniko kiwe cha kitambaa kinachopitisha hewa. Karatasi ya nailoni inayofungwa kwa kamba huhifadhi jasho la usiku, na asubuhi gari huwa limelowa pasipo mvua kunyesha.